Kabari Mbili Chini ya Mbao

Ijumaa asubuhi nilihesabu kabari zetu nikakuta zimepungua mbili. Tulikuwa tumeingiza arobaini chini ya mapapi, zile mbao za chini zinazobeba sakafu ya ukumbi, ili kuyasawazisha. Kabla ya kupigilia mbao za juu lazima zote zitoke, mapapi yabaki yamekalia vipande vya mpira tu. Hapo ndipo sakafu hubonyea mchezaji akitua, na magoti yakapona. Kabari ikibaki, pale pamekufa. Ni sawa na kutua juu ya zege.

Nilivua viatu nikaipita sakafu nzima kwa kisigino. Mbele, upande wa madirisha, kishindo kilinipanda mpaka kwenye meno.

Vasko, aliyemwoa dada wa mke wangu, alikuwa anakunja nailoni. Kutoa kabari ilikuwa kazi yake, kukagua yangu. Sikukagua.

"Mwanyumba, umeacha mbili."

"Wapi?"

"Pale. Pita kwa kisigino."

Akapita. "Sisikii kitu."

"Hujavua viatu."

"Na sivui. Vanishi tumepaka mara tatu, meya anakuja kesho kuzindua ukumbi, wewe unataka kukata mbao leo? Hata kanisani kuna kigae kinachocheza."

"Kanisani Kalina haruki."

Kalina ndiye mchezaji bora wa kikundi cha ngoma cha mji wetu. Mwaka jana alipasuliwa goti, maana sakafu ya zamani ilikuwa zege lililofunikwa zulia. Daktari alimwambia likiumia tena, basi, kucheza kumekwisha. Sakafu hii mpya ilijengwa kwa sababu yake.

Nikaenda kwa Mwalimu Tsonka, kiongozi wa kikundi. Alinisikiliza huku anapanga viti.

"Rangel, nimebisha milango ya wakubwa mwaka mzima," alisema. "Ukikata leo, kesho hakuna sherehe, na hawatanipa tena hata msumari. Kata Jumatatu. Kesho meza ya mkate na chumvi wa kumkaribisha meya nitaiweka palepale palipokufa. Nani atairuka meza?"

"Basi mwambie Kalina."

"Nimwambie acheze anaangalia chini? Anayeangalia chini ndiye anayeanguka."

Niliuacha msumeno kwenye gari, nikaenda nyumbani.

Jumamosi padri alinyunyiza maji kwa kishada cha mrehani, meya akamega mkate, watu wakala. Mkate ulipokwisha, wanaume wawili wakaibeba meza na kuiweka nje ili kupanua nafasi. Mwalimu alikuwa anacheka na meya, hakuona. Zumari likaanza.

Kalina alishika leso akaongoza horo, ile ngoma yetu ya kushikana mikono kwa mstari unaozunguka ukumbi. Mzunguko wa kwanza alipita mbali na madirisha. Lakini watu waliendelea kuingia na mduara ukapanuka kuelekea madirishani, naye alikuwa amefika kwenye hatua za kuruka.

Kwetu horo huingiwa mkiani. Anayejitia kichwani bila kuitwa amemtukana kiongozi, na watu wametoana meno kwa jambo hilo. Niliingia kichwani. Nikampokonya Kalina leso, nikamshika mkono, nikauvuta mstari katikati ya ukumbi.

"Mtoeni mlevi huyo," mtu alisema.

"Mwanyumba, unatutia aibu, rudi nyuma," Vasko aliita kutoka mkiani.

Kalina aliniminya vidole. "Mjomba Rangel, umekunywa?"

"Sijanywa. Usiende madirishani. Sakafu pale imekufa."

Alikwenda hatua tatu zaidi kwa mdundo, kisha akasimama. Waliomfuata wakagongana. Mpiga zumari akaacha.

"Nani anajua?" Kalina aliuliza, na hakuuliza kwa sauti ndogo.

"Mimi. Vasko. Mwalimu wako, tangu jana."

Mwalimu Tsonka aliweka glasi chini. "Kalina, mwanangu, njoo tuongee ofisini."

"Tuongee hapa."

"Mbele ya wageni?"

"Mbele ya wageni ndipo ningeruka."

Akakaa chini palepale, mbele ya meya, akaanza kufungua kamba za viatu. Mwalimu alinitazama kama mtu aliyeibiwa. Vasko alikuwa ameshatoka, na mkewe, aliyekuwa ameshikana mkono na mke wangu kwenye mstari, akamwachia mkono dada yake.

Nikaenda kwenye gari kuchukua msumeno.