Waliokuja Kuchimba Kaburi

Ukuta wa darasa la tatu ulianguka saa nne asubuhi, baada ya mvua ya siku tatu, watoto wakiwa nje wanakunywa uji. Wote isipokuwa mmoja. Goodness, mjukuu wa Tukuswiga mpishi, alikuwa amerudi darasani kuchukua kikombe chake.

Tukuswiga aliacha mwiko sufuriani, akakimbilia kengele ya shule, rimu ya lori iliyoning'inia mbele ya ofisi, akaigonga kwa nyundo. Lakini mkono una mazoea yake. Miaka kumi na moja alikuwa akipiga kengele ya kanisa kila penye msiba, na sasa mkono ukapiga vilevile: tatu polepole, kimya, tatu polepole.

"Mama, unatuchuria!" alifoka Mwalimu Rabson. "Hiyo ni ya maiti!"

Tukuswiga akaiachia nyundo. Amempigia mjukuu wake kengele ya kifo!

Watu wa Isansa nao wana mambo yao. Kwenye mkutano wa kijiji hawaji mpaka waitwe mara nne. Ila msiba ni msiba, hakuna anayeuliza nani kafa. Wanaume waliteremka kutoka mashamba ya kahawa na majembe na machepe mabegani. Wanawake wakaja na kuni, maji na unga.

"Tuchimbe wapi?" aliuliza mzee Shadrack, kiongozi wa wachimba kaburi.

Tukuswiga akaonyesha kifusi. "Goodness yumo humo, baba. Nitolee mtoto wangu."

Wakachimba kama wanavyochimba siku zote, huyu akichoka yule anapokea, mpaka Shadrack alipoinua mkono na wote wakanyamaza. Chini ya dawati mtu alikuwa akigonga kikombe cha bati.

Goodness alitoka mweupe kwa vumbi, mkono umevunjika. Nesi Fides wa zahanati alichagua vijiti viwili vilivyonyooka kwenye zile kuni, akaufunga mkono kwa kanga. Tukuswiga alilia kwa sauti, bila aibu. Kisha akaona uji wake umeungua, akabandika mwingine kwa unga ule wa msiba, wachimbaji nao wanywe.

Wakati gari la kwenda hospitali likisubiriwa, Goodness aliwatazama watu wote wale, majembe yao na udongo miguuni.

"Bibi, nani amekufa?"

"Hakuna," alisema Tukuswiga. "Lete kikombe."