Hasira za Mama Mkubwa Asilimia Mbili

Programu yangu iliniambia Mama Mkubwa Elisifa ana hasira asilimia mbili tu. Mbili! Hata mchungaji wetu anaamka na zaidi ya hizo.

Ngoja nianze vizuri. Dada yangu Loveness amemaliza shahada ya pili. Anafundisha mashine kusahihisha makosa ya kompyuta za kwantamu. Hapa Masama hakuna aliyeelewa, ila Jumamosi ijayo wote wanakuja kunywa. Na mbege, pombe ya ndizi ya ukoo wetu, anaipika mtu mmoja tu, Mama Mkubwa. Ndizi zilitakiwa ziwe motoni tangu jana, lakini amegoma, pipa lake limepinduliwa juu chini, na kosa, wanasema, ni langu. Nilimrekodi akimkimbiza mbuzi mgombani na viatu vya kanisani, nikaposti. Watu elfu arobaini wameangalia!

Mimi sikutishika. Nina programu niliyoitengeneza mwenyewe, nimejifunzia YouTube. Inasoma meseji inakwambia mtu ana hasira kiasi gani. Nimeifundisha kwa komenti za mashabiki wa mpira, kwa hiyo matusi inayajua ya kila saizi. Mama Mkubwa alikuwa ameandika kwenye grupu la familia: "Mungu akubariki sana mwanangu Shedrack." Nikaiwekea. Hasira, asilimia mbili.

Nikapanda kwake kifua mbele. Nikarudi nikamwambia Loveness, "Yameisha! Amenipokea vizuri ajabu."

"Umekaa wapi?"

"Sebuleni. Kwenye kochi la vitambaa."

"Chai umenywea nini?"

"Vile vikombe vya kabatini, vyenye maua."

Loveness akashika kichwa. "Shedrack, umekwisha. Wewe umelelewa jikoni kwa yule mama, leo anakupa vikombe vya askofu?"

Aisee! Nikaitazama tena programu: asilimia mbili.

"Rudi, ila usimguse yeye," Loveness akasema. "Kazini kwangu, kwenye hizo kompyuta, kile kitu chenyewe hukiangalii, ukikiangalia tu kinaharibika. Unauliza majirani zake, wawili wawili, kama wanakubaliana. Wasipokubaliana, kosa liko hapo katikati."

"Halafu?"

"Halafu mashine inakisia liko wapi. Wewe huna mashine, una miguu. Nenda!"

Jirani wa juu ni Mzee Aminieli. Nikampa shikamoo, nikamuuliza kama Mama Mkubwa ameudhika na ile video.

"Audhike?" akacheka mpaka akakohoa. "Kila asubuhi anakuja nimwonyeshe. Anasema, tazama Aminieli, miaka sitini na nane na bado namshinda mbuzi!"

Jirani wa chini ni Theodora mwenye duka. Huyu akanikunjia uso. "Mama wa watu hajacheka hapa dukani tangu Jumanne."

Juu anacheka, chini amenuna! Katikati hapo kuna nini?

"Jumanne kulitokea nini, dada Theodora?"

"Si nilimsomea komenti! Yeye kwenye simu yake hana hiyo app ya video. Kuna mtu wa Kiboriloni aliandika, 'Huyo mbuzi anaikimbia mbege yake, ina maji.' Na wewe, Shedrack, chini yake ukaweka vikatuni vitatu vya kucheka."

Nikafungua simu. Kweli, vitatu! Nikaiwekea programu ile komenti. Ikajibu: ya kawaida, haina tusi. Mbuzi, maji, tusi liko wapi? Lakini umwambie mpika mbege wa Masama kwamba mbege yake ina maji, na mtoto wake mwenyewe acheke!

Nikarudi mbio kwa Mzee Aminieli. Hakuuliza mengi. Alikwenda kwenye mpaka wa shamba, akachuma jani moja la isale. "Haya, mbe, mpelekee hili. Ukimpelekea mtu hili, hawezi kukataa kukusamehe. Ila mdomo ufunge."

Mama Mkubwa alikuwa mlangoni. Nikapiga magoti, jani mkono wa kulia.

"Na huo wa kushoto? Unanirekodi?"

Nikaiweka simu chini. Akanitazama, akalitazama jani, akalichukua.

"Mbege yangu ina maji?"

Nikatikisa kichwa, hapana.

"Ingia humu ndani."

Nikaelekea sebuleni.

"Huko kuna nini? Njoo jikoni, menya ndizi za supu ya mtori. Ukimaliza tunasimamisha pipa."

Nilimenya ndizi ishirini. Utomvu mpaka kwenye viwiko. Simu niliyoiweka mezani ikalia mlio wa grupu. Kuishika siwezi, nikaifungua kwa pua. Mama Mkubwa alikuwa ameandika kwenye grupu: "Kuna mbwa yuko jikoni kwangu anamenya ndizi kama anachonga kinyago. Njooni mumcheke kabla sijampiga na mwiko."

Nikaiwekea programu kwa pua hiyohiyo. Hasira, ikasema, asilimia tisini na saba.

Nilicheka mpaka kisu kikaanguka.

"Unacheka nini wewe? Menya!"