Mahindi Mekundu na Tope la Kiongoroni

Baba yangu, Mzee Huseni, tulimzika Ijumaa iliyopita. Waliokuja msibani walisema alikuwa mtu mpole, nami sikuwabishia. Lakini niliishi naye pamoja na kaka yangu Miraji mwaka ule wa jaribio, na naandika nisije nikasahau jinsi wapole wawili wanavyoweza kumchosha mtu.

Miraji alikuwa mwalimu wa kilimo katika shule ya msingi hapa Kibiti. Soko huria lilikuwa limeingia, mbolea ya ruzuku imeondoka, na wenye maduka wanauza mbolea ya chumvichumvi kwa kopo. Akataka wanafunzi wajionee tofauti. Akaomba shamba letu la nyuma ya nyumba, akaligawa mapande matatu: la mbolea ya dukani, la mbolea ya asili, na la mchanganyiko.

"Ili jaribio liwe la haki," akawaambia wanafunzi, "mbegu lazima iwe moja."

Mbegu yenyewe ilikuwa ya marehemu mama. Mahindi mekundu, aliyotoka nayo kwao Mbwara. Kulikuwa na fungu moja tu, likining'inia juu ya meko lipate moshi.

"Tubakishe mawili matatu," nikasema.

"Mbegu mahali pake ardhini, si moshini," akasema baba, akalitungua lote. Miraji akaafiki. Ndiyo siku pekee mwaka ule waliyokubaliana.

Ikaja mbolea ya asili. Silabasi ilitaka samadi ya ng'ombe, na Miraji akaagiza kila mwanafunzi aje na ndoo.

"Ng'ombe wa wapi, mwalimu?" akauliza binti mmoja, Salima. "Huku kwa mbung'o, hata ng'ombe wa kuchora haponi."

Baba alikuwa kibarazani, anasikiliza. "Mbolea nitaleta mimi. Kule bondeni tunalima mlao. Mto unafurika, ukiondoka unatuachia tope, tunapanda juu yake. Nani aliwahi kuona mfuko?"

Maneno yake yalikuwa ya kweli. Lakini kuleta tope kutoka bondeni kulihitaji gari, na gari lililokuwepo ni la shemeji yake, Khamisi, aliyekuwa akichukua boriti za mikoko kutoka Kiongoroni, mto unapoingia baharini. Basi tope likatoka Kiongoroni, viroba kwa viroba, jeusi kama masizi.

Nikalilamba kwa ncha ya ulimi. "Baba, lina chumvi. Huko maji ya bahari yanafika."

"Mto si ni huohuo?"

"Ni huohuo, lakini baba..."

"Na ile ya mwalimu wenu inaitwaje? Chumvichumvi! Yangu chumvi moja, yake mbili. Nani amezidi?"

Wanafunzi wakaangua kicheko. Miraji naye akacheka.

"Kaka, wewe ndiye uliyesomea," nikamwambia pembeni. "Mkataze."

"Mwache, Yasmini. Wanafunzi watajifunza."

Watajifunza kwa mbegu ya mama!

Kwenye tope mahindi yalichipua, ncha zikaungua, yakalala. Baba akayamwagilia kila asubuhi kwa maji niliyoteka mimi. "Yanajinyoosha," alisema. Yalikuwa yamekufa.

Pande la mchanganyiko lilipendeza kuliko yote. Chini mboji ya majani, jivu na mavi ya kuku, si tope. Juu mbolea ya dukani kidogo. Miraji alisimama katikati yake akifundisha: ya dukani hulisha mmea upesi, mboji hulisha udongo na kuushikisha maji, na mkulima mwenye akili hutazama udongo wake kwanza. Somo zuri. Kisha wote wakatoka, hakuna aliyefunga ua.

"Mbuzi wangu hawajasoma, mwalimu," jirani yetu Bi Biasha akasema alipokuja kuwatoa. "Wangejuaje kama ni somo?"

Likabaki pande la dukani. Mahindi yalikomaa, mekundu, manene. Nikamshukuru Mungu. Baba akagoma.

"Hiyo si mbegu ya mama yenu tena. Imelelewa dukani."

"Mzee, mbolea haibadilishi mbegu," Miraji akasema.

"Basi chukua, yako."

"Nitachukua! Shuleni watapika makande."

Na kweli akaenda kutafuta gunia. Mbegu ya mama ilikuwa inakwenda sufuriani kwa sababu wanaume wawili wamenuniana.

"Baba," nikasema, "mwaka ule wa njaa, mimi si ulinilisha unga wa dukani? Basi nami si mtoto wa mama?"

Akavua kofia, akaitazama, akaivaa tena. Miraji akasimama na gunia lake tupu. Nikaingia shambani, nikavunja mahindi mazuri kuliko yote, nikayafunga juu ya meko mbele ya macho yao. Hakuna aliyenisaidia, hakuna aliyenizuia.

Mafuriko yalipoondoka, baba aliingia jikoni na jembe begani. Akayatungua. Safari hii alibakisha manne.

"Haya ya mama yenu," akasema mlangoni, "yanataka kuwahiwa kabla tope halijakauka." Akaenda zake bondeni.

Jana, baada ya kisomo cha kumrehemu baba, Miraji alikuja jikoni. Anataka kuwaonyesha wanafunzi wake wa sasa mahindi mekundu. Akainua mkono kulishika fungu zima juu ya meko.

Nikampa mawili.