Salamu Nilizozikataza

Mwaka huu chuo chetu cha Kibondo kiliagizwa kiwaandae vijana kwa kazi za zama hizi za akili mnemba, na mzigo ukaniangukia mimi, Yasmini, mwalimu wa kompyuta kutoka Muheza. Kompyuta zenyewe ni sita, na mbili huwaka zikipenda. Kampuni moja ya maharage ya Kasulu ilitaka mtu wa kupokea simu za wakulima, na usaili ungefanywa na mashine, kwa simu. Inauliza, unajibu kwa dakika moja, inakupa alama.

Nilitaka Akimana aipate kazi hiyo. Wazazi wake walitoka Burundi wakiwa wakimbizi, wakapewa uraia, wanalima Kitahana. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa akinisindikiza mpaka mlangoni kwangu baada ya vipindi. Shida yake ilikuwa salamu. Kila tukifanya mazoezi anaanza, "Amahoro. Umeamkaje? Nyumbani hawajambo? Watoto je?" Halafu anasubiri simu imjibu.

"Akimana, mashine haina watoto!" nilimfokea. "Dakika inakwisha. Jibu swali."

"Lakini mwalimu, nitamwambiaje mtu jambo na sijamuuliza hali?"

"Huyo si mtu."

Nikapiga marufuku salamu darasani, hata zile za kunisalimia mimi. Nilisema ni nidhamu ya kazi. Uongo mtupu. Miaka minne niko huku, mama yangu amekufa, mume kaoa mwingine, barua zangu za kuomba uhamisho hazijibiwi, na kila asubuhi watu wananiuliza kama nyumbani hawajambo. Nani hajambo? Nyumbani kuna mimi na jiko la mkaa.

Siku ya usaili alitumia simu yangu, tukiwa ofisini. Maswali manne aliyajibu vizuri. La tano likasema: "Mkulima amepiga simu. Maharage yake hayajachukuliwa wiki ya pili sasa, na amekasirika. Mjibu." Akimana akanitazama. Nikamwonyesha saa.

"Taja jina, kijiji na idadi ya magunia," akasema haraka. "Gari litafika Alhamisi."

Nikapiga makofi, mjinga mimi.

Majuto ni mjukuu; wangu alizaliwa Jumamosi, majibu yalipoingia kwenye simu. Swali la tano, sifuri: "Mwombaji hakumsalimia mteja wala kumpa pole." Hakupita. Aliyeifundisha mashine ile aliwajua watu wa huku kuliko mimi.

Nikapanda bodaboda mpaka Kitahana. Mama yake, Maximilla, alikuwa akipepeta maharage uani. Akaweka ungo chini, akanishika mikono yote miwili. Akimana alisimama nyuma yake, macho kwangu.

"Amahoro, mwalimu. Umeamkaje? Nyumbani hawajambo?"

"Nyumbani hakuna mtu, mama. Naishi peke yangu."

"Yoo, pole mwana wanje, mwanangu! Basi njoo ukae na sisi. Hapa ni kwenu."

Tangu nifike mkoa huu sijaambiwa neno hilo, na nililitaka mno. Ningeweza kunyamaza, nikaketi, nikala nao.

"Akimana amekosa kazi," nikasema. "Hakusalimia. Mimi ndiye niliyemkataza."

Mama akamgeukia binti yake. Akimana akaitikia kwa kichwa. Maximilla akaiachia mikono yangu, akaokota ungo wake, akaendelea kupepeta. Hakuna aliyeniambia niketi.