Manjano ya Msimu wa Salfa

Mwaka ule wanunuzi binafsi waliporuhusiwa kununua korosho, Newala nzima ilipagawa na mikorosho. Mume wangu Alfredi alipuliza salfa, ule unga wa njano wa kuua ukungu wa mikorosho, kila alfajiri, mashine mgongoni, akirudi wa njano kuanzia kope mpaka kandambili. Kwa hiyo macho yake yalipogeuka manjano, hakuna aliyeshtuka. Tulimwosha. Maji ya Newala mnayajua, ndoo moja unaihangaikia tangu asubuhi. Niliimalizia yote usoni mwake. Jirani yangu Mwanaisha akaleta maziwa, maana ndiyo dawa ya aliyevuta salfa. Alfredi akanywa, akatapika.

Msimu wa kupuliza ukaisha, mashine ikawekwa stoo, manjano yakabaki. Hapo ndipo nilipoogopa.

Nikampeleka hospitali ya misheni, upande wa Masasi. Daktari akambonyeza tumbo, akamtoa damu, ikapelekwa Dar es Salaam kwenye maabara mpya ya watu binafsi. Alisema uvimbe wa kongosho huacha alama kwenye damu, na kama bado ni mdogo, upasuaji unaweza kumwokoa. Nikaling'ang'ania hilo neno "kama" muda wote wa kungoja majibu. Sikuwa na kingine.

Majibu yakaja. Alama ilikuwa juu mno, na ultrasaundi ikaonyesha uvimbe umeshafika kwenye ini. Upasuaji hakuna.

Mimi si mtu wa kumeza hasira. Nikamuuliza daktari: tungekuja siku ile ya kwanza, badala ya kumwogesha kama mtoto, damu ingesema?

"Pengine isingesema, Mama Flora," alijibu. "Alama hii mara nyingi huonekana uvimbe ukishakomaa. Kipimo cha kuuwahi bado hatuna."

Nikalia palepale. Nilitaka aniambie tumekosea, nipate wa kumchukia, hata kama ni mimi mwenyewe.

Alfredi akanishika mkono. "Usigombane na daktari," alisema. "Nifunge vifungo, twende nyumbani."

Nikamfunga. Shati lilikuwa limeshampwaya. Hakufika msimu wa kuokota korosho.

Msibani shemeji yangu Nathanaeli akasema mbele za watu kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, akinitazama mimi. Nikamwambia anionyeshe huo ufa ulikuwa wapi. Akaendelea kunitazama kwa chuki. Nikamwonea wivu, maana yeye alikuwa amempata wa kumlaumu.