Ukurasa wa Watu wa Masoko

Kila asubuhi, ng'ombe akishakamwa na ndoo ya maziwa ikishafunikwa, Vaileth alikuwa na nusu saa yake mwenyewe. Aliketi kwenye kigoda jikoni, akafungua daftari lenye jalada gumu, akaandika. Kwanza tarehe, kisha mvua, maana kijijini Kyimo mvua haikosi, halafu jina lolote aliloliokota jana msibani au kanisani. Asubuhi hiyo alikuwa ameishia kwenye mvua mlango uliposukumwa.

"Leta hilo daftari sebuleni," alisema baba mkubwa Enosi. Alikuwa amevaa koti la Jumapili, na siku ilikuwa Jumanne. "Mshenga kutoka Masoko ameshafika."

"Leo, baba?"

"Ulitaka aje lini, Pasaka? Watu wote umewatafutia undugu. Leo jitafutie na wewe."

Akaondoka akicheka.

Huko kwao ndoa haianzi na ng'ombe wa mahari, inaanza na majina. Upande huu unataja mababu zake, upande ule wake, mpaka ijulikane kwamba hawakutani popote. Zamani wazee walifanya kazi hiyo kwa kichwa. Sasa wazee wamekwisha, na majina ya ukoo yanadanganya: ndugu wawili wa tumbo moja, mmoja aliandikishwa shuleni kwa jina la baba, mwingine akabatizwa kwa jina la babu, na leo wajukuu wao wanaketi benchi moja kanisani bila kujuana. Vaileth alisomea utunzaji wa kumbukumbu. Aliporudi nyumbani na stashahada bila kazi, akaanza kuyafuata majina hayo kwenye vitabu vya ubatizo na kwenye makaburi yaliyomezwa na migomba. Jina likipata mwenyewe, alitabasamu peke yake njiani hadi watu wakamshangaa.

Neno lake likawa sheria. Mwaka jana alimwambia Tupokigwe wa Suma kwamba mchumba wake alikuwa mjukuu wa kaka wa babu yake. Tupokigwe alilia, Vaileth akalia naye, na uchumba ukavunjika.

Sasa mposaji wake mwenyewe alikuwa Amoni wa Masoko, fundi wa mitambo kiwanda cha chai, mtu asiyelewa wala asiyegombana na mtu. Hapo ndipo Vaileth aliponaswa: hakuwa na kosa lake la kutaja. Siku walipokutanishwa, Amoni alipekua daftari kwa kidole kimoja, akasema, "Ukija kwangu haya tutawashia moto, mama. Hawa si walishakufa?" Akacheka. Vaileth naye akacheka, kwa aibu tu, na kicheko kile nyumba nzima ikakichukua kuwa ndiyo. Angemwambiaje baba mkubwa, aliyemlea tangu ana miaka sita, aliyembeba mgongoni kwenye tope hadi hospitali alipougua?

Bibi Esnath, mama yake Enosi, aliyekuwa akimenya ndizi pembeni mwa jiko, aliweka kisu chini.

"Nisomee ukurasa wao."

Vaileth alisoma kwa sauti ya chini. Alipofika kwa bibi mzaa baba wa Amoni alisita. "Huyu alikufa akijifungua. Hata wao hawajui alitoka kwa nani. Nimemwona juzi kwenye kitabu cha ubatizo, alitoka Ileje, si wa ukoo wetu. Bado sijamwandika."

"Hujamwandika," alirudia bibi. Akasogea. "Basi andika alikuwa wifi yangu, yule aliyeolewa mbali akapotea kabla Enosi hajazaliwa. Mimi nitaitikia."

"Bibi! Alitoka Ileje."

"Unajua wewe. Wao wanajua?" Akamshika mkono. "Mjukuu wangu, mimi ninakuona usivyokula."

Sebuleni mlango ulikuwa umefungwa kuzuia mvua. Mshenga, Mzee Hosea, alikuwa ameketi karibu nao, mwavuli ukichuruzika miguuni pake.

"Ndaga, ndaga, asanteni! Ndiye huyu karani wa marehemu?" alisema. "Soma, binti, ila unihurumie. Ukisema ni ndugu, narudi Masoko na mvua yote hii bila hata kikombe cha chai."

"Chai utakunywa, ndugu yangu," alisema Enosi. "Huyu hakosei."

Vaileth alisoma. Jina baada ya jina, wazee wawili walitikisa vichwa, na kila jina lililopita bila kuzuia lilimpunguzia pumzi. Akafika kwenye nafasi tupu. Bibi Esnath alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, mdomo tayari. Neno moja tu lingetosha. Lakini Tupokigwe alikuwa amelia kwa sababu ya kweli. Uongo ukiingia leo, machozi yale yalikuwa ya nini? Na ni watoto wangapi wa koo hizi mbili wangekuja kukatazwa kuoana kwa ajili ya mstari wake mmoja?

Akaandika kwenye nafasi ile. "Alitoka Ileje," alisema. "Hatuna undugu."

"Nilikwambia!" Enosi alipiga makofi.

"Ndaga fijo! Basi nikawaambie walete ng'ombe." Mzee Hosea alikuwa ameshashika mwavuli.

Bibi alishusha pumzi, akarudi jikoni. Vaileth alihisi amejifungia kwa mkono wake mwenyewe tundu la mwisho la kupitia.

"Mlete mgeni chai, mwanangu," alisema Enosi. Vaileth hakuinuka. "Vaileth? Husikii?"

"Nasikia, baba." Alifunga daftari, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Hakuna damu inayozuia. Ni mimi. Mimi simtaki Amoni."