Kiti cha Mlangoni

Tangu macho yangu yaanze kufifia, sishoni tena. Nakaa mlangoni mwa karakana ya ushonaji niliyoianzisha mwenyewe, ambayo sasa inaendeshwa na binti yangu. Sindano ndiyo iliyonikataa. Mimi sikuikataa kazi.

Juzi binti yangu alinunua kabati la vioo la kuonyeshea sare za shule, na mahali pekee alipopaona panafaa ni pale palipokuwa na kiti changu. Alinieleza kwa adabu zote kwamba nimefanya kazi ya kutosha, sasa nipumzike nyumbani, hata chakula nitaletewa. Nilimjibu kwamba anayeletewa chakula ni mgonjwa au mfungwa, na mimi sijawa hata mmoja wao. Alisema tu kwamba seremala angekuja jioni kulifunga kabati.

Mchana huo mjukuu wangu, bintiye, alikuja na kitabu cha biolojia. Huyu huniita mume wangu, na nikimuudhi hudai talaka. Alitakiwa kuwaeleza wenzake darasani muundo wa seli, lakini kila alipofunga kitabu, majina yalimtoka kama maji kwenye pakacha.

Mimi nilisoma shule ya jioni nikiwa tayari nina watoto, na cheti changu kiko ukutani mpaka leo. Biolojia hatukufundishwa, lakini mtu aliyejitafutia elimu mwenyewe haogopi kurasa. Nikamwambia anisomee kila sehemu inafanya nini, nasi tutaitafutia mwenyewe humuhumu ndani.

Akasoma kwamba ribosomu huunda protini kwa kufuata maelekezo. Nikamwonyesha mafundi kwenye vyerehani. Golgi hupanga na kufungasha: huyo mpiga pasi, tunayemwita Makaa kwa sababu hakuiamini pasi ya umeme mpaka ile ya makaa ilipotoboka. Mitokondria hutoa nguvu: jenereta ya uani. Laisosomu humeng'enya mabaki: mama anayefagia vipande vya vitambaa na kuvigeuza kuwa mito. Saitoplazimu ni ute ambamo wote hao wanaelea.

"Hilo ni jasho letu," Makaa akasema.

"Na kiini?" mjukuu akauliza.

"Kiini ni mimi," nikajibu, nikanyoosha na kola.

Alicheka mpaka kitabu kikamponyoka. "Kiini ni kabati la violezo, mume wangu. Na wewe hulali kabatini."

Akanieleza kwamba kiini hutunza maelekezo ya seli nzima, na maelekezo yenyewe hayatoki humo, hutoka nakala tu. Hapo nikanaswa na sheria yangu mwenyewe, maana mimi ndiye niliyeamuru kwamba kiolezo cha karatasi ngumu kisitoke kabatini; fundi anayetaka kukata nguo akichore upya kwenye gazeti.

"Basi mimi ni nani?"

Alinitazama, akakitazama na kiti. "Wewe ni utando."

Neno hilo nalijua. Utando ni nyumba ya buibui kwenye pembe isiyofagiliwa. Utando ndio ambao daktari alisema umefunika jicho langu. Makaa alinipongeza kwa cheo kipya, akauliza kama aniletee ufagio. Sikucheka. Nilishika fimbo yangu niinuke, niende huko nyumbani nikaletewe chakula.

"Kaa kwanza, usinisusie," mjukuu akasema, kisha akasoma kwa sauti ya darasani: "Utando huizunguka seli. Huruhusu vinavyohitajika kuingia, huzuia visivyofaa, na hupitisha taka kwenda nje. Utando ukipasuka, vilivyomo humwagika na seli hufa."

Kwenye meza ya kukatia, mkasi wa binti yangu ulisimama katikati ya kitambaa. Nilijua anakumbuka nini. Siku niliyokwenda kliniki ya macho, kiti kilikaa kitupu. Jora lililolowa maji likaingia bila mtu kulipapasa, likaoza rafuni. Suti ya bwana harusi ikatoka begani kwa mtu aliyefuata suruali yake, na bwana harusi maskini akaoa ndani ya koti la shemeji yake, mikono ikiishia kwenye viwiko.

"Makaa," binti yangu akasema, "sogeza meza yako. Kabati la vioo litakaa hapo."

Makaa alitaka kujua kwa nini Golgi ndiyo iteseke. Binti yangu akanigeukia. "Baba, usidhani umeshinda."

"Sijashinda mimi," nikasema. "Kimeshinda kitabu."

Mjukuu alikifunga kitabu hicho, akazunguka karakana akigusa kila mtu na kila kifaa, akitaja jina lake la kitabuni na kazi yake, kuanzia kabati la violezo hadi jenereta, bila kukosea hata jina moja. Alimalizia kwangu, akanibusu kipara.

Seremala alipokuja jioni, alinikuta nimekaa. Makaa naye alikuwa anarudi kutoka dukani amekumbatia chupa za soda. Nikaweka fimbo yangu kukinga mlango.

"Umebeba nini?"

"Mzee, si unaniona?"

"Macho yangu yana utando," nikamwambia, "na utando haupitishi kitu usichokijua."

Akanipa moja, baridi kabisa. Nikaondoa fimbo.